Mgeni wa Kilele

Kila siku baada ya masomo, Chiriku hakuingia nyumbani kwao kwa mlango wa mbele. Alizunguka upande wa karakana ya mama yake, akavua sare, akafunga aproni kuukuu na kukaa kwenye kigoda, brashi mkononi. Mbele yake palikuwa na rundo la viatu. Mama yake alikuwa fundi viatu, na mji wao ulikuwa umejilaza chini ya mlima mkubwa. Wapandaji walioteremka kutoka juu walileta buti zao zikiwa hoi. Nyingine zilikuwa zimeachama kama mamba mwenye njaa, nyingine zimekatika kamba, na nyingine soli zilikuwa zimebaki jina tu. Kazi ya Chiriku ilikuwa kusugua tope lote kabla mama hajaanza kushona.

Chiriku halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu ya maneno.

"Mdomo wa mtoto huyu hauna likizo," mama alizoea kuwaambia wateja, nao wakacheka.

Wapandaji waliokuwa wakisubiri viatu vyao walisimulia habari za kilele: barafu inayong'aa, mawe meusi, mawingu yaliyo chini ya miguu badala ya juu ya kichwa. Chiriku aliyameza yote. Mama naye alipenda habari, lakini mikono yake haikusimama. Alishona huku akisikiliza. Ni pale tu habari ilipomgusa moyo ndipo alipoweka chini msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akapangusa mikono na kumtazama msimulizi. Jambo hilo halikutokea mara nyingi. Chiriku alikuwa akilitamani kama mtoto mwingine anavyotamani baiskeli.

Mwaka uliopita, mjomba wake, aliyekuwa mpishi wa wapandaji, alimchukua wakapanda pamoja. Walifika kwenye kibanda cha kulala wapandaji, kilichoko katikati ya mlima. Asubuhi yake ukungu ulishuka, mvua ikanyesha, nao wakarudi. Basi. Safari yote ilikuwa hiyo.

Lakini aliporudi shuleni, wenzake walimzunguka kama nyuki waliozunguka ua. "Umefika kileleni? Ee, umefika?"

Chiriku aliyatazama yale macho makubwa, na kabla hajafikiri, ulimi ukateleza. "Nimefika!"

Neno likitoka halirudi. Kesho yake wakamuuliza kuna nini huko juu, naye akatoa yale aliyoyasikia karakanani. Keshokutwa akaongeza mengine. Uongo ni kama kifaranga: ukiulisha unakua, na mwisho unakuamsha alfajiri kwa kelele. Hata mama alisimuliwa hivyohivyo. Mama aliendelea kushona, kichwa ameinamisha.

"Hongera, mwanangu," alisema kwa upole. Msharasi haukutua chini.

Sasa mwaka mwingine ulikuwa umefika, na mwalimu wa jiografia alikuwa amepata kibali cha kuwapeleka wanafunzi wake mpaka kileleni. Darasa zima lilichanganyikiwa kwa furaha. Jioni ya mwisho kabla ya safari, mama alizikagua buti za Chiriku. Alizipindua, akapitisha kidole gumba juu ya soli, taratibu, kama mtu anayesoma. Kisha akazipaka nta na kubadilisha kamba.

"Zitakufikisha," alisema. "Kilichobaki ni miguu yako, na wewe mwenyewe."

*

Kwenye lango la mlima walipokewa na mwongoza njia, mwanamke mrefu, mkavu kama fimbo, mwenye macho ya kucheka. Kila mtu alimwita Shangazi Filimbi. Mlimani hakupaza sauti hata mara moja, kwani filimbi iliyoning'inia shingoni ilimsemea yote. Mlio mmoja, simameni. Miwili, twendeni.

"Wanangu," alisema walipokwisha kusimama, "mlima huu una adabu yake. Tumeirithi kwa waliotutangulia. Tukikaribia kilele, wageni hutangulia. Aliyewahi kufika humpokea mgeni mzigo, akambebea, na yeye hukaa nyuma. Anayekiona kilele kwa mara ya kwanza asione mgongo wa mtu. Aone kilele. Sasa niambieni, nani kati yenu ni mwenyeji? Nani ameshafika?"

Mwalimu wa jiografia aliinua mkono huku akitabasamu. "Mimi, lakini zamani. Enzi hizo sikuwa na kitambi hiki."

Watoto wakacheka. Kisha mikono ikaanza kumsukuma Chiriku mgongoni. "Huyu hapa, Shangazi! Chiriku ameshafika!"

Shangazi Filimbi alimtazama. "Ni kweli, binti yangu?"

Chiriku alitupa jicho pembeni. Rafiki yake, Kimya, alikuwa amesimama ubavuni kwake. Kimya alikuwa mtoto wa maneno machache, mwoga wa giza, wa mbwa na wa ngazi ndefu. Alikuwa amekubali kuja kwa sababu moja tu: rafiki yake alikuwa amefika na kurudi mzima.

"Ni kweli," Chiriku alijibu.

Shangazi akatoa kitambaa chekundu na kukifunga kwenye begi la Chiriku, alama ya mwenyeji. "Basi utakaa nyuma na mwalimu. Wageni watakuwa karibu nami, kwa sababu sijui miili yao itaupokeaje urefu wa mlima. Wewe mlima unakujua."

Filimbi ikalia mara mbili.

Njia ilianzia msituni. Miti ilikuwa na ndevu ndefu za kijani, na maji yalidondoka kutoka kila jani ingawa hapakuwa na mvua. Baadaye miti ikaanza kufupika, mpaka ikawa ya kimo cha watoto, kisha ikatoweka kabisa. Wakatokea kwenye uwanda mpana wa nyasi na upepo, jua likiwamwagikia. Wote walipiga kelele kwa pamoja, bila kuambiana.

Kwenye mwamba, kinyama chenye manyoya kilikuwa kikiota jua, kinawatazama kwa dharau.

"Pimbi huyo," alisema mvulana waliyemwita Profesa, kwa sababu alijua kila kitu na hakuficha. "Ni ndugu wa tembo."

"Ndugu wa tembo, huyo? Basi na wewe ni ndugu wa mwalimu mkuu!"

Walicheka mpaka pimbi akaona aibu na kuingia pangoni. Profesa naye alicheka, ingawa alikuwa amesema kweli. Kisha akamgeukia Chiriku. "Mwenyeji, mbele kuna nini?"

"Maua meupe," Chiriku alijibu upesi. Hilo alilijua, maana yalikuwa karibu na kibanda. Na kweli, wakayakuta, makavu na meupe kama karatasi, yametapakaa kati ya mawe. Kimya alichuchumaa akayagusa kwa ncha ya kidole. Hakuchuma hata moja.

Walifika kwenye kibanda jua likiwa bado juu kidogo. Walikunywa uji, wakakaa nje kuyatazama maua yakijifunga kwa ajili ya baridi, moja baada ya jingine, kama watoto wanaofunikwa blanketi. Shangazi Filimbi alipita akimuuliza kila mgeni: "Kichwa kinauma? Tumbo je? Umekunywa maji?" Alipofika kwa Chiriku alimpigapiga begani akapita.

Kichwa cha Chiriku kilikuwa kinauma. Si sana, kama kofia iliyobana. Lakini mwenyeji angesemaje? Alinyamaza. Ni Kimya aliyemwona akijisugua paji la uso. Alimpa chupa yake ya maji, akamsogezea nusu ya blanketi.

"Kesho nitakutazama wewe," alisema kwa sauti ndogo. "Ukisema tumefika, nitajua tumefika."

Chiriku aliyanywa yale maji, akairudisha chupa bila kumtazama.

*

Waliondoka kulipokucha. Baridi ilikuwa imefanya kazi usiku kucha. Sindano ndogo za barafu zilikuwa zimechomoza udongoni, na kila hatua ililia chini ya buti kama mtu anayetafuna bisi. Watoto walikanyaga kwa makusudi, kushoto na kulia, wakasahau baridi. Nyasi zilikwisha. Yakabaki mawe meusi, na juu ya mawe kulikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa, mimea midogo iliyong'ang'ania mwamba kama rangi iliyomwagika.

"Nayo inaishi hapa?" aliuliza Kimya kwa mshangao.

"Inaishi," alisema Shangazi. "Haina haraka. Ndiyo maana tunaipisha, hatuikanyagi."

Ukungu mwepesi ulikuwa umewafunika. Walipanda polepole, wakipumua kwa vinywa. Nyuma kabisa mwalimu wa jiografia alikuwa akihema kama mvukuto wa mhunzi. "Wanangu, milima hii wameiongeza," alilalamika. "Zamani haikuwa mirefu hivi." Chiriku, aliyekuwa karibu naye, alicheka mpaka akasahau kichwa.

Hatimaye mwinuko ulikwisha. Walijikuta mahali tambarare, penye mawe makubwa, na mbele yao pande zote ulikuwa ukungu mtupu. Filimbi ililia mara moja. Shangazi aliinama kukaza kamba ya kiatu chake; mwalimu alikuwa bado yuko nyuma, akihema. Watoto wakatazamana. Kisha wote wakamgeukia Chiriku.

"Ndiyo hapa?" aliuliza Profesa. "Mwenyeji, tumefika?"

Chiriku alitazama. Hapakuwa na kitu kirefu zaidi. Wapandaji karakanani walikuwa wamesema kilele ni tambarare, kina mawe. Na wale wenzake walikuwa wanamsubiri kwa macho yaleyale ya mwaka jana.

"Ndiyo hapa!" alisema. "Tumefika!"

Lo! Mabegi yalitupwa chini. Walikumbatiana, wakaruka, wakaimba wimbo wa shule kwa sauti zilizokatika pumzi. Kimya, yule mwoga wa ngazi, alisimama katikati machozi yakimtiririka. "Nimefika," alisema. "Mimi. Nimefika."

Hapo upepo ulivuma, na ukungu ukafunguka kama pazia.

Mbele yao, ng'ambo ya shingo nyembamba ya mawe, kilisimama kilele chenyewe. Kilikuwa juu, cheusi, chenye ukingo wa barafu uliowaka kwa jua. Pale waliposimama palikuwa nundu tu, bega la mlima.

Wimbo ulikatika. Kimya alipangusa mashavu taratibu.

Halafu Profesa akaangua kicheko. "Aa, ametupata! Chiriku alikuwa anatutania! Mwenyeji gani asiyejua kilele?"

Wote wakacheka. "Chiriku wewe! Utani gani huo!" Mmoja alimpiga konzi la mapenzi. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi, na si yeye aliyeufungua. Hakuhitaji hata kudanganya tena. Angecheka tu pamoja nao.

Akacheka. Kicheko kikatoka kikavu.

Shangazi Filimbi alisimama. Hakusema lolote kuhusu utani. "Haya. Kilele kile pale. Wageni, vueni mabegi. Wenyeji, pokeeni mizigo."

Yeye mwenyewe alichukua mabegi mengi akayafunga kwa kamba. Mwalimu akachukua mengine, akinung'unika kwamba adabu nyingine zingefaa kusahauliwa. Kimya alimletea Chiriku begi lake, akamvalisha kwa uangalifu, asimuumize. Kisha akaenda mbele kujiunga na wageni. Walipanga mstari mpana, bega kwa bega, ili asiwepo wa kumziba mwenzake. Kilele kilikuwa chao chote. Kimya aligeuka nyuma kumtazama rafiki yake, uso wake ukiwa umejaa mwanga.

Chiriku aliona migongo. Migongo mitupu. Akaelewa kwamba leo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, angekifikia kilele, na hakuna mtu angejua. Hata yeye mwenyewe asingeweza kusema, "Nimefika!" akiwa na maana hiyo. Neno lile alikuwa amekwisha kulitumia.

Filimbi ikainuliwa mdomoni.

"Shangazi, subiri!"

Sauti yake ilitoka ndogo, si ya Chiriku hata kidogo. Wote wakageuka.

"Mimi si mwenyeji. Sijawahi kufika. Mwaka jana tuliishia kwenye kibanda. Na hapa sikuwa natania. Sikujua."

Profesa alikunja uso. "Kwa hiyo barafu, na mawingu, na yote yale uliyotusimulia..."

"Niliyasikia kwa wateja wa mama."

"Mwaka mzima!" alisema mmoja. Mwingine akaguna. Lakini Chiriku hakuwatazama hao. Alimtazama Kimya.

"Nilikuwa naogopa," alisema Kimya polepole. "Nikajiambia, Chiriku ameweza, nami nitaweza. Kumbe ulikuwa hujaweza."

"Nisamehe," alisema Chiriku.

Shangazi Filimbi alimsogelea. Hakufoka. Alimwinua kidevu, akamtazama macho. "Jana sikukuuliza kichwa. Kiliuma?"

"Kidogo. Kimya alinipa maji."

"Leo je?"

"Leo hakiumi. Kweli kabisa."

Shangazi alimwambia atembee juu ya mstari alioupiga mchangani, akamnywesha maji, akamtazama tena mpaka aliporidhika. "Sikia, binti yangu. Mimi naongoza kwa macho yangu na kwa maneno yenu. Mkinipa maneno ya uongo, mmeniziba jicho moja, na mlima si mahali pa kutembea na jicho moja. Kingekuuma zaidi ningejuaje? Umekosa. Lakini umesema, na umesema wakati ambao hakuna aliyekulazimisha. Hilo nimeliona."

Akakifungua kile kitambaa chekundu kutoka kwenye begi la Chiriku, akakitia mfukoni.

"Sasa begi la Kimya nani atabeba?" aliuliza Profesa.

"Lete huku," alisema mwalimu wa jiografia, akilivua begani kwa Chiriku. "Nimekwisha kuwa punda, begi moja zaidi haliniongezei masikio."

Hata waliokuwa wamenuna wakacheka. Chiriku alibaki amesimama, hajui aende wapi, mpaka alipoona mkono umenyooshwa mbele yake. Ulikuwa wa Kimya.

"Bado nimekasirika," alisema Kimya. "Lakini njoo. Mimi bado naogopa, na safari hii na wewe unaogopa. Afadhali."

Mstari ukafunguka kidogo, Profesa akasogea hatua moja kando, na pakawa na nafasi. Filimbi ikalia mara mbili.

Walivuka ile shingo ya mawe wameshikana mikono, kisha wakapanda. Changarawe nyeusi, kali kama vigae, ilikwaruza buti zao. Hatua, pumzi. Hatua, pumzi. Na ghafla hapakuwa na pa kupanda tena.

Jua lilikuwa kila mahali. Chini yao mawingu yalitandazwa meupe mpaka mwisho wa dunia, na juu ya mawingu hayo mlima ulikuwa umelaza kivuli chake, pembetatu kubwa ya samawati. Katikati ya mawe kulikuwa na kidimbwi kidogo, kingo zake barafu nyembamba kama kioo cha taa, na ndani yake mbingu yote imeingia. Ndege mmoja mweusi alielea kimya, hapigi bawa. Ukimya wenyewe ulikuwa mkubwa hata mtu aliweza kusikia barafu ikipasuka kwa joto la jua: tik, tik.

Kimya alipiga ukelele wa furaha ambao hakuna aliyejua alikuwa nao. Chiriku alisimama, mikono imelegea, machozi na kamasi vinashindana. Hakusema neno.

"Jamani!" Profesa alipaza sauti. "Chiriku amenyamaza! Mlima umefanya muujiza!"

Vicheko vilitawanyika juu ya mawingu. Profesa alimpiga kikumbo cha kirafiki, na Chiriku akajua kwamba huo ndio msamaha wake, kwa lugha ya Profesa. Wakatupiana vipande vya barafu, wakapiga picha mwalimu akiwa amebebeshwa mabegi, na wakala mayai ya kuchemsha yaliyokuwa baridi, matamu kuliko yote waliyowahi kula.

"Kilele hakikimbii," alisema Shangazi Filimbi, akiketi kati ya Chiriku na Kimya. "Ukija mwakani utakikuta. Kinachopita ni mara ya kwanza, na kila mtu hupewa moja tu. Uongo wako ulitaka kukunyang'anya, ukweli umekurudishia. Ikumbukeni hiyo, wanangu, hata mkiwa chini kule."

*

Chiriku aliporudi hakuingia kwa mlango wa mbele. Alizunguka upande wa karakana. Mama alikuwa akishona buti ya mteja. Alimkumbatia mwanawe kwa mkono mmoja, akamkalisha kigodani na kumvua viatu. Akavipindua. Soli zilikuwa zimekwaruzwa vibaya, na changarawe nyeusi imenasa kwenye mifereji yake.

"Hivi vimefika," alisema mama.

Chiriku alimkodolea macho. "Mama! Mwaka jana ulijua?"

"Mwaka jana vilikuja na tope la msituni na nyasi. Changarawe hii haipatikani ila juu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kiatu kikikubana, mwanangu, naweza kuona unavyochechemea. Lakini wa kusema kinabana wapi ni wewe. Nilikuwa nakungoja."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kisha akaeleza yote: kitambaa chekundu, nundu, migongo, mkono wa Kimya. Hakuficha kitu. Mama alisikiliza huku sindano yake ikipita, tii, tii, kwenye ngozi.

"Kusema kweli mbele ya watu," alisema mama, Chiriku alipomaliza, "ni kupanda mlima pia. Wengine wazima na ndevu zao hawajaupanda. Nimefurahi mwanangu umeupanda." Akakaza uzi. "Ehe, na kilele? Kikoje?"

"Mama, kina kidimbwi, na ndani yake..." Chiriku akasita, akitafuta neno lililo sawasawa na kile alichokiona, lisizidi wala lisipungue.

Mama aliweka msharasi chini. Akapangusa mikono kwenye aproni, akageuza kigoda chake, na kumtazama.

"Taratibu," alisema. "Anzia mwanzo."